Mama Aliyekufa Mara Tatu

Sogeeni mkae vizuri. Atakayesinzia nitamwamsha kwa swali, na swali lenyewe si la kunong'onezewa jibu na jirani.

Nina wanaume watatu wa kuwaeleza, na nasema mapema kwamba simpendi hata mmoja. Lakini msimulizi si hakimu. Nitawapimia wote kwa kibaba kimoja, ili tukifika kwenye kukata shauri msije mkasema kwamba huyu nilimpendelea na yule nilimwonea.

Wa kwanza aliitwa Makhanu, na kipawa chake kilikuwa jicho. Kwa miaka kumi alifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari. Alikuwa akitazama trela la miwa likija, anataja uzito wake kabla halijapanda mizani, na mara nyingi mizani ilikubaliana naye. Kiwanda kilipofungwa, jicho lile likahamia kwa watoto wa watu. Alikuwa akimshika msichana wa miaka kumi na mitatu kifundo cha mkono, anatazama unyayo wake, anasema huyu atafika futi sita na inchi mbili, na kweli anafika. Walimu wa michezo walimlipa kwa kila kichwa alichowapelekea, na mwenye kichwa hakuambiwa bei.

Wa pili alikuwa Mwalimu Sitati, na kipawa chake kilikuwa mikono. Jiografia aliifundisha kwa uvivu, mpira wa kikapu aliufundisha kwa ukali. Uwanja wake ulikuwa wa udongo mwekundu, na ringi zake zilichomelewa na fundi wa mageti. Hata hivyo msichana akikaa mikononi mwake mwaka mmoja, alidunda mpira bila kuutazama. Wengi walitoka pale wakilia, lakini walitoka wakijua kucheza.

Wa tatu alikuwa Bwana Tindi, na kipawa chake kilikuwa mfuko. Alikuwa na duka la mabati na saruji, na pia alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule kubwa ya bweni ya wasichana. Shuleni pale alijenga kabati la kioo la kuwekea vikombe vya ushindi, halafu akaanza kutafuta vikombe vya kulijaza. Msemo wake ulikuwa mmoja tu, kwamba mkono mtupu haulambwi, na aliusema hata kwenye matanga.

Kulikuwa na wa nne pia. Huyo simwelezi sasa, kwa sababu hadithi inapoanza amebakiza siku chache afe.

Ilianzia kwenye kinu cha kusagia mahindi. Makhanu alikuwa kwenye foleni akamwona msichana akitundua gunia kutoka kwenye boriti bila kupanda kitu. Msichana huyo aliitwa Nasambu, alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa ya pale kijijini. Makhanu akamshika kifundo cha mkono, akazabwa kofi. Hakukasirika. Alihesabu hatua za msichana akiondoka, akatikisa kichwa kwa furaha, akamfuata hadi kwao.

Kwao alimkuta mama yake, Robai, ambaye alilima miwa ya watu kwa kibarua. Baba alikuwa amekufa, na alikufa kweli, trela lilimwangukia. Makhanu akaeleza kwamba anajua shule ambako binti angesoma bila karo, akafundishwa mpira na Mwalimu Sitati. Tatizo lilikuwa sheria. Mwanafunzi aliyehama shule ili acheze aliwekwa nje mwaka mzima. Lakini aliyefiwa na wazazi wote wawili, akahamia kwa mlezi mpya, huyo alicheza siku ya pili yake.

"Mzazi mmoja ameshatangulia," Makhanu alisema. "Umebaki wewe tu. Tukuue kwenye karatasi, basi."

Robai aliuliza jambo moja. Alitaka kujua kama huko shuleni kuna chakula cha mchana. Akaambiwa kipo, na siku ya Ijumaa kuna nyama. Alifuta mikono kwenye leso, akasema, "Basi nimekufa."

Makhanu akaenda kwa wakili, akala kiapo kwamba Robai amekufa kwa malaria na kwamba mlezi wa mtoto ni yeye. Wakubwa wa michezo, ambao walishadanganywa mara nyingi, wakataka picha ya kaburi. Likachimbwa kaburi nyuma ya jiko. Sasa kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, linaita mtu wa boma lile. Wazee wa ukoo wakaagiza mgomba, kama inavyofanywa. Mgomba unakatwa shina, unafungwa blanketi, unazikwa badala ya mtu. Lakini Makhanu alikuwa na haraka ya kupiga picha, na badala ya kuukata aliung'oa na shina lake lote la chini. Robai mwenyewe ndiye aliyeubeba. Aliulaza shimoni, akashika jembe, akajifukia.

Hiyo ndiyo kazi ya jicho. Bila Makhanu, Nasambu angekuwa anatundua magunia mpaka leo.

Mwalimu Sitati alimpokea msichana mrefu asiyejua kuukamata mpira. Alimfunga mkono wa kulia nyuma kwa shati la michezo, msichana akacheza kwa wa kushoto muhula mzima. Alimdundisha mpira amefunikwa uso kwa mfuko wa sukari. Alimnunulia viatu vya kwanza kwa mshahara wake, namba arobaini na nne, vya kiume, kwa kuwa vya kike vya namba hiyo sokoni havikuwepo. Alimtukana kila siku na kumrekebisha kila siku. Mwaka wa pili Nasambu alifunga pointi thelathini na moja kwenye fainali ya kaunti, na kumi na mbili kati ya hizo kwa mkono wa kushoto.

Siku ile ile Makhanu, akiwa mlezi kwenye karatasi, akaanza kumzungusha msichana kwenye shule nyingine kutafuta bei nzuri zaidi. Habari zikamfikia Sitati. Akakimbia kwa wakili wake, akala kiapo kwamba mlezi wa kweli ni yeye. Hakujua mwenzake aliandika nini, na kumwuliza asingeweza, kwa maana hawakuwa wakisalimiana. Akaandika kwamba mama alikufa kwa ajali ya gari.

Hiyo ndiyo kazi ya mikono. Bila Sitati, Nasambu angekuwa mrefu tu, na urefu peke yake hauna mshahara.

Kidato cha tatu, kwenye mechi isiyo na maana yoyote, goti la Nasambu likageuka. Kano ikakatika. Shule ya Sitati ilikuwa na maji ya moto na chumvi, akakandwa kwa hayo wiki mbili huku goti likivimba. Makhanu alikuja, akalitazama kwa jicho lake, akaondoka bila kuaga. Ndipo Bwana Tindi akafika na gari. Alimpeleka msichana hospitali kubwa Eldoret, akalipa upasuaji, akalipa miezi tisa ya mazoezi ya kurudisha mguu. Alimhamishia shule yake, akamtengenezea kitanda kirefu, akaagiza apewe mayai mawili kila asubuhi. Alipomhamisha naye akala kiapo. Aliandika kwamba mama alikufa akijifungua.

Goti likapona. Mwaka uliofuata shule ya Tindi ilichukua kombe la taifa, na lile kabati la kioo likajaa.

Hiyo ndiyo kazi ya mfuko. Bila Tindi, Nasambu angekuwa anachechemea nyuma ya jembe la mama yake.

Kibaba changu hakijamwagika mpaka hapo. Sasa nije kwa marehemu.

Mechi ya kwanza kabisa ya Nasambu, Robai alivaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye benchi la mbele. Makhanu akamfuata, akamwinamia sikioni, akamwambia kwamba marehemu hakai kwenye benchi. Robai akaondoka. Tangu siku hiyo alisimama nje, upande wa pili wa ua wa miiba, mahali ambapo uwanja hauonekani. Alijifunza kusikiliza. Kati ya midundo yote alijua upi ni wa mwanawe, na mdundo huo ukinyamaza ghafla alijua mpira uko hewani. Siku goti lilipogeuka alisikia mdundo ukikoma na watu hawakushangilia. Alishika miiba kwa mikono miwili.

Siku za wazazi shuleni kwa Tindi, alifika na karanga za kukaanga, akaandikishwa getini kuwa ni shangazi. Nasambu alimwita shangazi mbele ya walimu. Miaka miwili alimwita hivyo, na Robai aliitika.

Na mle nyuma ya jiko, lile kaburi likachipua. Mgomba uliozikwa na shina lake la chini ulifanya kama migomba yote inavyofanya. Ulitoa majani juu ya msalaba wenye jina la Robai, na kila asubuhi alipokwenda kuteka maji aliupita.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Kutoka Nairobi alikuja mwanamke mmoja, Bi. Wanza, ametumwa na shule moja ya ng'ambo inayokusanya wasichana wenye kipaji cha kikapu. Alikuwa na fomu ya Nasambu. Miaka minne ya masomo, chakula, malazi, ndege. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa sahihi ya mzazi au mlezi aliyemlea mchezaji, na huyo mwenye sahihi angepewa shilingi milioni tatu, shukrani ya malezi. Mstari ulikuwa mmoja. Fomu ilitakiwa irudi kesho yake saa sita mchana, kwa maana nafasi ilikuwa moja na kulikuwa na msichana mwingine anayeingoja.

Bi. Wanza akauliza, ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule ya Tindi, nani aliyemlea huyu binti. Wale wanaume watatu, walioletwa pale na habari ya zile milioni, wakasimama kwa pamoja.

Makhanu alimwambia Sitati kwamba asingekuwa yeye, Sitati angekuwa bado anawafundisha watoto mito ya Kanada. Sitati alimwambia Makhanu kwamba hata mchuuzi wa ng'ombe hutazama meno, na hakuna aliyewahi kumwita mfugaji. Kisha akamgeukia Tindi.

"Wewe umenunua goti," alisema. "Goti peke yake halidundi mpira."

"Na mlipokuwa mkilikanda kwa chumvi, nani alikuwa na akili hapo?" Tindi alijibu. "Risiti zote ninazo. Nyinyi mna nini?"

Bi. Wanza akaomba hati za ulezi. Hapo ndipo walipojikwaa, na walijikwaa kwa furaha. Kila mmoja alichomoa hati yake yenye muhuri na kuipiga mezani, akidhani ndiyo ya kuwamaliza wenzake. Mwanamke yule akazisoma moja baada ya nyingine, taratibu, halafu akazipanga kwa tarehe.

"Hapa mama yake amekufa kwa malaria," alisema. "Hapa amekufa kwa gari, mwaka mmoja na nusu baadaye. Hapa amekufa akijifungua, na ni mwaka jana tu. Huyu mama ana bidii."

Wale watatu walitazamana, na ninawaapia kwamba machoni mwao sikuona aibu. Niliona chuki tu, ya mtu aliyeharibiwa hesabu na mjinga mwenzake. Ndiyo, nilikuwepo. Mimi ndiye niliyepeleka chai.

Nasambu alikuwa amesimama karibu na mlango, kichwa chake kikikaribia kugusa kizingiti. Akasema, "Yuko nje ya ua. Mwiteni."

Robai akaingia. Alivua ndala mlangoni, ingawa hakuna aliyemwambia. Bi. Wanza akamwuliza yeye ni nani kwa huyu binti. Robai aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja, kama anayeomba ruhusa, na walipokosa kumtazama akajibu mwenyewe.

"Mimi ndiye marehemu," alisema.

Bi. Wanza akafunga mlango. Ninachomheshimia mwanamke yule ni kwamba hakumung'unya maneno. Alieleza kwamba mmoja wa wale watatu akitia sahihi, yeye Bi. Wanza atabeba hati ya huyo tu, hizo nyingine mbili atazisahau, na Nasambu atapanda ndege. Lakini huko aendako ataandikwa yatima, na atabaki yatima kwa miaka yote minne. Marehemu hapigiwi simu ya shule, halipiwi nauli ya kwenda kumwona mwanawe, na binti hapewi ruhusa ya kurudi kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Mama akitia sahihi, basi yu hai, na akiwa hai viapo vyote vitatu ni uongo. Vikombe vitarudishwa. Wasichana wenzake kumi na mmoja watanyang'anywa medali zao. Wanaume hawa wanaweza kufungwa. Na wale wa ng'ambo, wakisikia karatasi zilichafuka, huenda wakamchukua hivyo hivyo, na huenda wakampa nafasi yule msichana mwingine. Alisema hawezi kuahidi.

Wale watatu walisikia neno kufungwa, wakasikia pia neno milioni. Sijui lipi lilikuwa na nguvu, ila kila mmoja bado alinyoosha mkono kuelekea kalamu. Na kila mmoja alisema kwamba wenzake wakipewa, yeye atakwenda mwenyewe kuwashtaki, hata kama atafungwa nao.

Robai hakuitaka kalamu. Alisema aandike yeyote kati yao, wapige kura au watupe sarafu, haimhusu.

"Nimekufa mara tatu na sijaumwa hata kichwa," alisema. "Ya nne itanifanya nini? Mgomba haushindwi na mkunguwe. Mwacheni mtoto aende."

Nilidhani maneno yamekwisha. Nikaanza kuokota vikombe vya chai.

"Mama," Nasambu alisema. Alilisema neno hilo kwa sauti mle ofisini, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. "Siku ukifa kweli nitawaambia nini? Kwamba amekufa tena? Nani ataniruhusu nije kukuzika?"

Robai akamwambia kaburi lipo tayari, asijisumbue. Nasambu akasema kwamba sahihi ya mwanamume hataikubali, na kwamba akipelekwa kwa sahihi hiyo atauweka mpira chini siku ya kwanza na kukaa juu yake. Robai akasema kwamba yeye naye hatatia sahihi, mkono wake hautaiharibu safari ya mwanawe. Na alikuwa msichana anayeweza kukaa juu ya mpira, na alikuwa mama anayeweza kutotia sahihi. Bi. Wanza akaiweka kalamu katikati ya meza, akasema atarudi kesho kabla ya saa sita, na atakayemkuta ameishika, huyo ndiye.

Mimi hapo nanyamaza.

Nimewauliza watu kabla yenu. Wanawake kwenye kinu cha kusagia walisema mama, na hawakutaka hata kufikiri. Nikawauliza, je, wale wasichana kumi na mmoja na medali zao waliikosea nini dunia? Wakaendelea kupepeta. Wazee walisema Tindi, kwa sababu goti ndilo lililobeba yote. Walimu walisema Sitati, bila shaka. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alisema Makhanu, na akasema kwa heshima. Mwanafunzi mmoja alisema kalamu apewe Nasambu mwenyewe, lakini yeye ndiye aliyelelewa, na mstari uliuliza nani aliyelea.

Mkungu umeiva juu ya lile kaburi. Kwetu kilichoota juu ya maiti hakiliwi. Robai hajaukata wala hajaukataza, kwa maana hajui bado kama pale amezikwa mgomba tu, au ni yeye.

Haya, saa sita inakaribia na kalamu iko mezani. Ukimpa mmoja wa wale watatu, umemzika mwanamke mzima kwa mara ya nne, na mwanawe amekuapia kwamba hatacheza. Ukimpa mama, huenda ndege ikaondoka na mtoto wa mwingine, na kosa hilo Robai atakwenda nalo hadi kaburi lake la kweli.

Je, wewe uliyekaa hapo ukinitazama, kalamu ungempa nani?